Chipa ya trekta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kununua na kurekebisha

Maswali haya yanatoka kwa wakulima wa parachichi na chai, wenye mashamba ya miti kuanzia Mufindi hadi Njombe, na mafundi wanaoletewa mashine karakana mambo yakishaharibika. Kwa chipa hapa ninamaanisha mashine inayofungwa nyuma ya trekta, ikazungushwa na PTO (shafti ya trekta inayotoa mzunguko kwa mashine), na kukata matawi kuwa chenga kwa visu vilivyofungwa kwenye gurudumu zito la chuma. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe si chipa, na kinu cha nyundo si chipa. Msimamo wangu utauona katika majibu mengi, kwa hiyo niuseme mapema: nje ya boksi la visu vingi vinarekebishika, ila ndani yake kazi ni kunoa, kukaza na kubadilisha kilichoisha, basi.

Nina Massey Ferguson 240. Ninunue chipa ya inchi ngapi?

Inchi 4, au 5 kama miti yako ni laini. Injini ya MF 240 ina hp (nguvu farasi) takriban 50 ikiwa mpya, lakini zinazofika kwenye PTO ni pungufu. Hesabu asilimia 85 hivi, yaani hp 42 au 43. Trekta lililolima miaka mingi bila kufunguliwa injini, punguza tena. Kanuni ya mafundi ni hp 8 hadi 10 za PTO kwa kila inchi ya unene wa mti, ukitaka kufanya kazi mfululizo bila kusikia injini ikizama.

Matangazo yatakuambia chipa ya inchi 6 inatosha trekta la hp 25. Mdomo una inchi 6, ni kweli. Msonobari mbichi wa inchi 6 pia unaweza kupita ukiuingiza kwa kusitasita. Lakini mkaratusi uliokauka jua la miezi miwili ni habari nyingine. Mti mbichi hukatika kwa urahisi kuliko mkavu, kwa hiyo ukipogoa leo, saga wiki hiyo hiyo.

Kwa walio Baringo, Kenya, wanaouliza kuhusu mti wa miba uitwao mathenge: inakatika, ila shuka inchi moja nzima chini ya kile kitabu kinachosema, maana ule mti ni mgumu kweli. Na fagia pale trekta litakaposimama kabla ya kuanza. Miba yake inatoboa tairi.

Kuna chipa ya sahani na chipa ya pipa. Tofauti ni nini?

Ya sahani ina visu vilivyofungwa kwenye uso wa gurudumu bapa, kama flaiwili. Ni nyepesi kutengeneza, chenga zake zinalingana, na fundi wa kawaida anaielewa. Ya pipa ina visu kwenye mgongo wa pipa. Inameza matawi yenye vichaka vingi vizuri zaidi, lakini inataka nguvu nyingi na huwa nzito. Kwa shamba la familia chukua ya sahani.

Ya kujivuta yenyewe, au yenye rola ya haidroliki?

Katika chipa isiyo na rola, pembe ya visu ndiyo inayovuta tawi ndani. Inafanya kazi vizuri visu vikiwa vikali. Vikianza kuwa butu, kijana anaanza kusukuma kwa mikono, na hapo hatari inaingia. Rola ya haidroliki inavuta kwa mwendo mmoja, unaweza kuipunguza kwa mti mnene na kuirudisha nyuma tawi likikwama.

Ubaya wake ni bei na mafuta ya haidroliki. Matrekta mengi ya zamani hayana matundu ya kutolea mafuta nje, isipokuwa yaliyoongezewa. Tafuta chipa yenye pampu na tenki lake lenyewe, pampu ikizungushwa na mkanda kutoka kwenye shafti ya chipa. Hapo trekta linatoa mzunguko tu. Katika majina ya mashine za Kichina kama BX52R au BX72R, herufi R mara nyingi inaashiria rola, lakini usinunue kwa herufi. Omba video mashine ikifanya kazi, rola ikienda mbele na kurudi nyuma.

Kwa mtu anayesaga siku chache kwa mwaka, rola ni anasa. Kwa anayetaka kukodisha mashine kijiji hadi kijiji, bila rola vijana watachoka na watakukimbia.

Mpya ya China au iliyotumika kutoka Ulaya?

Zote zinanunulika. Tatizo la mpya ya bei nafuu liko kwenye vitu vidogo: beringi, bolti na ukali wa visu. Ikifika, kabla ya kuiwasha kaza kila bolti, hakikisha grisi imefika kila mahali, na zungusha gurudumu kwa mkono ukisikiliza. Faida yake ni kwamba muundo wa BX umenakiliwa na viwanda vingi, kwa hiyo visu na mikanda hupatikana. Bado, agiza seti mbili za visu pamoja na mashine. Kusubiri kontena lingine kwa ajili ya vipande vinne vya chuma kunauma.

Iliyotumika kutoka Ulaya huwa na chuma kizuri, ila iangalie hivi. Fungua boksi la visu na utazame pembeni mwa matundu ya bolti za visu. Ufa mwembamba hapo, hata kama unywele, achana nayo. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: likicheza, beringi zimekwisha, na huenda shafti imelika. Tazama alama za kuchomelea kwenye gurudumu lenyewe, kwani aliyechomelea hapo alikuwa anaficha kitu. Mwisho hesabu meno ya shafti ya kuingilia. Meno 6 ni ya PTO ya mizunguko 540 kwa dakika, ambayo matrekta yetu mengi yanayo. Meno 21 ni ya mizunguko 1000, na baadhi za Ulaya ziko hivyo.

Kodi ya kuagiza itakuwa kiasi gani?

Inategemea imeandikwa chini ya kifungu gani cha forodha. Mashine za kilimo na misitu ziko kifungu cha 8436, mashine za kuchonga mbao ziko 8465, na ushuru wake huenda usiwe sawa. Muulize wakala wako wa forodha swali hilo kabla hujalipa kiwandani, umtumie picha na kitabu cha mashine, na umwambie ajibu kwa maandishi. VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18 na ya Kenya 16, isipokuwa kama bidhaa imesamehewa. Bei ya kwenye tovuti ya muuzaji usiifanye bajeti. Meli, bandari na usafiri wa bara vyaweza kuikaribia bei ya mashine.

Propela (shafti inayounganisha PTO na chipa) iliyokuja na mashine ni ndefu. Nikate wapi?

Hili ndilo rekebisho la kwanza karibu kila mnunuzi hulifanya, na ndilo linaloharibu matrekta mengi. Propela ndefu mno, ukiinua linki (mikono mitatu ya nyuma ya trekta inayobeba mashine), inasukuma shafti ya PTO ndani ya giaboksi mpaka beringi inapasuka. Fupi mno inachomoka ikiwa inazunguka, na hiyo hupiga mtu.

Funga chipa kwenye linki tatu bila propela. Inua na ushushe mpaka upate pale ambapo shafti ya trekta na ya chipa zimekaribiana kuliko kote. Hapo ndipo pa kupimia. Tenganisha nusu mbili za propela, pachika kila moja upande wake, zilaze sambamba na uweke alama ukiacha angalau sentimita 2.5 ya nafasi kila mwisho ili zisigote. Utakata vitu vinne kwa kipimo kilekile: bomba la ndani, la nje, na makava mawili ya plastiki. Safisha kingo kwa tupa, paka grisi, unganisha. Kisha weka chipa pale shafti zinapokuwa mbali zaidi na uhakikishe mabomba bado yamemezana angalau theluthi moja ya urefu wake.

Jambo linalosahaulika: uma za viungo vya krosi pande zote mbili zielekee upande mmoja. Zikipishana, chipa itatetemeka na utalaumu visu. Na lile kava la plastiki lenye mnyororo si pambo. Shati likishikwa na propela ya mizunguko 540, kwa sekunde moja limezungushwa mara 9.

Nikizima PTO gurudumu linaendelea kuzunguka, na trekta linaguna. Kuna ubaya?

Gurudumu kuendelea kuzunguka ni kawaida, lina uzito na mwendo wake. Kuguna ndiko kubaya. Maana yake nguvu ya gurudumu inarudi kwenye trekta. Kwenye trekta la zamani ambalo klachi moja inaendesha magurudumu na PTO kwa pamoja, ukikanyaga klachi huku gia imeingia, gurudumu la chipa linaweza kulisukuma trekta mbele. Dawa ni klachi ya njia moja inayovaa kwenye shafti ya PTO: inapeleka nguvu kwenda kwenye chipa na kukataa irudi. Ni kifaa kidogo na hakina gharama ya kutisha. Ila kinaongeza urefu wa shafti, kwa hiyo kifunge kabla ya kupima na kukata propela.

Klachi hiyo si breki. Baada ya kuzima, gurudumu linaweza kuzunguka dakika moja au zaidi. Hakuna kufungua boksi mpaka lisimame, ufunguo wa trekta uwe mfukoni mwa anayefungua, na gurudumu lizuiwe kwa pini au gogo.

Wakati wa kuwasha, ingiza PTO injini ikiwa chini, halafu panda polepole mpaka alama ya 540 kwenye geji. Anayeingiza PTO injini ikiwa juu atabadilisha bolti za propela kila asubuhi.

Bolti ya propela inakatika kila mara. Fundi kaweka bolti ngumu na sasa haikatiki. Sawa?

Si sawa hata kidogo. Ile bolti imewekwa ili ikatike, maana ni rahisi kuliko giaboksi. Namba kichwani mwa bolti inaonyesha ugumu: 4.6 ni laini, 8.8 ni ngumu, 10.9 ngumu zaidi. Kwenye propela weka namba iliyo kwenye kitabu cha mashine, si zaidi. Kwenye visu mambo ni kinyume: huko bolti zisipungue namba iliyoandikwa, na zikishafunguliwa mara kadhaa zinabadilishwa. Nimeshaona mashine ambayo hizo mbili zilibadilishana nafasi, laini kwenye kisu na ngumu kwenye propela, na mwenyewe anasema haina shida.

Bolti ikikatika mara kwa mara tafuta sababu: visu butu, pengo kati ya visu vinavyozunguka na kisu tuli (kile kisichosogea) limekuwa kubwa, mnaingiza mti mnene mno, au mnaingiza PTO kwa kishindo.

Trekta langu lina PTO ya 540 na 1000. Nikiweka 1000 kazi si itakwenda haraka?

Itakwenda haraka hospitali. Chukua gurudumu la kipenyo cha sentimita 63. Kwa mizunguko 540, ukingo wake unakwenda takriban mita 18 kila sekunde, sawa na kilomita 64 kwa saa. Kwa 1000 unafika mita 33, karibu kilomita 119 kwa saa. Lakini nguvu inayotaka kung'oa visu haipandi kwa uwiano huohuo: inapanda kwa mraba wa mwendo, yaani mara 3.4 hivi. Gurudumu na bolti havikutengenezwa kwa mzigo huo.

Wapo wanaofanya hivyo kwa kubadilisha puli kwenye chipa ya mikanda. Ni kosa lilelile kwa mlango wa nyuma. Chipa ya 1000 kuiendesha kwa 540, kwa upande mwingine, haitalipuka, itakula vibaya tu na kuziba bomba la kutolea, kwa sababu upepo wa gurudumu ndio unaorusha chenga nje.

Hopa (mdomo wa kulishia matawi) ni ndefu, inagonga tukipita njia nyembamba. Naweza kuikata?

Hapana. Weka bawaba ikunjwe juu wakati wa safari. Nyingi tayari zinayo. Urefu wa hopa upo ili mkono wa mtu mzima usifike kwenye visu. Rola inayovuta mita 20 kwa dakika inameza sentimita 33 kila sekunde. Anayevutwa shati hana muda wa kuita.

Kwa sababu hiyohiyo usipanue mdomo wala usiondoe ule mpini mkubwa wa kusimamisha rola, hata kama unagongwa na matawi na kuzima kazi. Anayelisha asimame pembeni, si mbele ya mdomo. Hakuna kanga, hakuna shati la kuning'inia, hakuna glovu zenye mkono mpana. Vitawi vidogo vinasukumwa kwa tawi jingine refu, kamwe si kwa koleo wala fimbo ya chuma.

Basi kipi naweza kurekebisha?

Vingi. Bomba la kutolea chenga ndilo lenye faida kubwa: ongeza shingo inayozunguka na kofia ya juu ili ujaze tela moja kwa moja, ila kona iwe ya mviringo, kwani kona kali huziba. Kwa viroba, shusha bomba chini uweke fremu ya kushikilia mdomo wa kiroba; acha nafasi ya upepo kutoka, la sivyo chenga zitarudi.

Vifungio vya kuunganisha na trekta vinarekebishika pia. Pini za linki za daraja la kwanza zina milimita 22 chini na 19 juu. Daraja la pili ni 28 na 25. Tofauti hiyo inazibwa kwa bushi za duka, si kwa kufunga waya. Chipa za ukubwa huu huwa na kilo 200 hadi 500, kwa hiyo trekta dogo likipanda mlima Makete weka uzito mbele. Ongeza miguu ya kusimamia, boksi la vifaa, mnyororo wa kufunga kava. Meza ya kulishia ya kuning'inia mbele ya hopa ni nyongeza nzuri sana: inapumzisha mgongo na inamweka mtu mbali zaidi.

Fundi anasema atanichongea visu kwa springi ya Fuso. Vitafaa?

Chuma cha springi ni kizuri kwa kazi hii. Shida ni moto. Akikipasha kwa gesi akikate na kukinyoosha, ugumu wake wa asili umepotea. Akikitumbukiza kwenye maji kipoe, kinakuwa kigumu kama kioo na kitapasuka ndani ya boksi. Njia salama zaidi ni kukikata kwa disiki huku maji yakimwagika, bila kukiacha kiwe cha bluu mahali popote. Kisu hicho kitakuwa laini kuliko cha kiwandani na utakinoa mara nyingi, lakini hakitavunjika kirahisi.

Vipimo vya matundu, unene na pembe vifuate kisu cha asili. Kisha pima visu vyote kwenye mizani ya jikoni. Vinavyotazamana kwenye gurudumu viwe na uzito sawa. Gramu chache za tofauti utazisikia kwenye beringi. Mimi bado ningenunua vya kiwandani.

Ninoe mara ngapi, na pengo liwe kiasi gani?

Mashine itakuambia. Chenga zikiwa ndefu zenye nyuzi, maranda yakiongezeka, tawi likirukaruka badala ya kuvutwa: noa. Kinachoua visu si mti, ni udongo. Matawi yaliyoburutwa chini yana mchanga kwenye gome. Mizizi na visiki visiingie kabisa, na mti uliokuwa nguzo ya uzio uutafute misumari na waya kwanza.

Noa visu vyote pamoja, kwa pembe ileile ya kiwandani, ukipoza kwa maji. Kisha pima pengo kati ya kisu kinachozunguka na kisu tuli. Kwa mashine nyingi ndogo ni milimita 1 hadi 2. Kitabu chako ndicho kinachoamua. Kadi ya benki ina milimita 0.76, kwa hiyo kadi mbili zikipita kwa kubanwa kidogo uko kama 1.5. Zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko kamili kabla ya kufunga boksi. Visu vingi vina makali pande mbili, na kisu tuli cha pembe nne kinaweza kugeuzwa mara nne. Wapo wanaovitupa bila kujua.

Nina chipa ya petroli, injini imekufa. Naweza kuifunga kwenye PTO?

Inawezekana, na mara nyingi hailipi. Kwanza mwendo: rota za mashine hizo huzunguka zaidi ya mara 1000 kwa dakika, kwa hiyo unahitaji giaboksi ya kupandisha mizunguko. Pili mwelekeo: PTO ya nyuma inazunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka nyuma ya trekta, na chipa yako huenda inataka kinyume, visu vikienda kinyume havikati, vinapondaponda. Tatu, usiweke puli moja kwa moja kwenye shafti ya PTO, mkanda utaivuta upande mpaka beringi ife. Weka shafti ya kati yenye beringi zake. Ukishajumlisha giaboksi, shafti, fremu na siku za fundi, linganisha na bei ya chipa ya inchi 4.

Chenga nizifanyie nini? Zinaharibu udongo?

Zikitandazwa juu ya udongo haziharibu. Zikichimbiwa ndani zikiwa mbichi ndipo zinapokula naitrojeni na mazao yanakuwa ya njano. Kwa parachichi, ambayo mizizi yake midogo iko juujuu, matandazo ya sentimita 5 hadi 10 ni msaada mkubwa kiangazi. Acha nafasi ya kiganja na zaidi kuzunguka shina ili lisioze. Za mkaratusi ziache rundoni miezi michache kwanza, usizipeleke mbichi kwenye bustani ya mboga.

Miti yenye ugonjwa ni jambo jingine. Mnyauko fuzari wa kahawa, ulioua mibuni mingi ya robusta Uganda na kuingia Kagera, unashughulikiwa kwa kung'oa mbuni na kuuchoma palepale. Ukiusaga na kuutandaza umeusambaza, na chipa yenyewe itaupeleka shamba la jirani.

Inaweza kusaga mabua ya mahindi?

Machache yaliyochanganywa na matawi, ndiyo. Peke yake yanajifunga kwenye shafti na kuziba bomba. Kwa mabua tafuta mashine ya kukatia majani, bei yake ni ndogo na hata pikipiki inaibeba.